Kichupa cha Saba

9 Februari

Kwa wifi yangu,

Hujambo, na wa nyumbani kwako hawajambo? Shikamoo yako sijaipata tangu siku ulipoolewa na kaka yangu, nami nimeacha kuidai, maana tulikaa benchi moja miaka yote ya chuo na si rahisi kumwamkia mtu uliyezoea kumchungulia majibu. Sisi hapa tu wazima. Mama magoti yanamsumbua, amehamishia kiti chake mlangoni ili amwone kila anayeingia bila kuinuka. Mimi ananinusa kabla hajaniona. Ameniwekea ndoo nje ya mlango wa nyuma, koti langu la maabara lisivuke kizingiti, na anasema siku nikiingia nalo hata paka atahama.

Harufu hiyo ndiyo iliyonikalisha kukuandikia. Ndani ya kifurushi hiki kuna vichupa saba vya kampaundi zangu mpya. Zote zina mwili mmoja, nilichobadilisha ni mkia tu, kama fundi anayeshona shati lile lile kwa kola tofauti aone ipi itampendeza mteja. Mteja wetu unamjua: wale bakteria wa vidonda wanaozicheka dawa zote za hospitali. Cha saba, cha mwisho, nimekitilia salfa mkiani. Kinanuka kuliko yai viza. Kifungulie ndani ya kabati la feni tu, lile linalovuta hewa chafu nje, na ukikaze kifuniko mara moja, la sivyo jengo zima litakuchukia. Lakini ndicho ninachokitegemea. Fuwele zake zimetoka nyeupe, nyembamba, nikizitazama natabasamu peke yangu kama mwendawazimu.

Sasa nikwambie lililo moyoni. Mkuu wa idara alikuja na futi ya kupimia, akakipima chumba changu ukuta kwa ukuta. Mwisho wa mwaka anataka kukifanya stoo ya viti. Hakusema kwa ubaya. Alisema, "Mwalimu, tangu uanze kupika humu, umepata nini cha kutuonyesha?" Nikipata hata kampaundi moja inayoua, chumba kinabaki. Nisipopata, nitafundisha ubaoni kwa chaki mpaka nistaafu, na mikono yangu itasahau kazi yake. Mimi hapa nina jiko tu, sina hao wadudu wala ruhusa ya kuwafuga. Macho yangu ni wewe.

Kifurushi nimekiandika jina la kaka, maana ndiye mwenye miguu ya kwenda posta. Mwambie aandike na yeye. Nikipiga simu anaongea na Mama weee, mimi naambiwa "msalimie".

Wifi yako,
Mpishi


27 Mei

Wifi mpendwa,

Shikamoo. Haya, umeipata, usiseme sikulelewa. Mama mpe pole ya magoti, mwambie asikae sana kwenye upepo wa mlangoni. Sisi hatujambo. Mtoto ameng'oka jino la mbele na sasa hacheki mbele ya watu. Mume wangu, yaani kaka yako, kanenepa, kola zinamkaba, naye anashikilia kwamba ni mimi ninayeyafua mashati vibaya.

Kifurushi chako kilifika zamani. Kilifika kwa jina lake, akakifungulia mezani kwetu kwa kisu cha jikoni, akavipanga vichupa kimoja kimoja kama anayetunga shanga, halafu ndipo akaniita: "Njoo uone mikono ya dada." Mimi ndiye ninayevipima, wifi, lakini nimeviona wa pili. Si neno. Nimezoea. Zile fuwele zako za rangi ya waridi ulizomtumia mwaka juzi bado ziko rafuni kando ya picha ya harusi yetu, na wageni wakiingia huziuliza fuwele kwanza. Mmoja aliuliza kama ni mahari.

Samahani kwa kuchelewa, foleni ya vipimo ilikuwa ndefu na mimi ni mmoja. Matokeo yenyewe ni mafupi. Unaijua sahani yetu yenye vishimo: kila kishimo natia supu ya kuwalishia bakteria, nawatia wenyewe, kisha tone la dawa. Dawa ikiua, supu inabaki angavu. Isipoua, kesho yake imechafuka kama maji ya kuoshea mchele. Zako zote zimechafuka. Hakuna kitu, wifi. Pole sana. Nimemwambia kaka yako kwa upole, hakula vizuri siku hiyo.

Kuhusu chumba, labda ukiongea vizuri na mkuu wa idara atakuachia kona.

Wifi yako,
Mpimaji


14 Juni

Wifi,

Salamu zako zimefika, shikamoo yako imefika, marahaba. Mwambie mtoto jino jipya litaota kubwa zaidi na atajuta. Mama anasema kaka kunenepa si kufua kwako, ukoo wa baba yake wote walikuwa na shingo nene. Kwa hiyo hapo umeshinda.

Barua yako niliisoma nimesimama, nikakaa, nikaisoma tena. Zote? Hata cha saba? Sikudai kwamba uniandikie uongo mtamu, lakini "hakuna kitu" ni maneno ya mtu anayefunga duka. Ungeniambia supu ilichafuka haraka au taratibu. Ungeniambia ulitia tone dogo ukajaribu na kubwa. Tulifundishwa pamoja, najua unavyoandika ukiwa umependezwa na kazi, na hapo hukupendezwa.

Kaka aliponyokwa na ulimi kwenye simu akasema mnayo foleni kwa sababu ya yule mtengenezaji wa ghorofa ya pili, ambaye dawa zake unazipima zikiwa bado na joto la jiko, na ambaye mnakunywa naye chai kila siku saa nne. Sisemi kitu. Mimi chai yangu iko mbali. Nasema tu kwamba mtu akikaa jirani na mpimaji hupimwa, na mtu akiwa wifi hupewa pole.

Nirudishie vichupa vyangu na mabaki yake. Vyote saba. Nikikosa chumba, angalau niwe na cha kuweka dirishani kwangu, maana naona kwenu ndiko fuwele zinakoheshimika.

Wifi yako,
Mpishi


2 Agosti

Wifi mpendwa,

Hamjambo huko? Mama magoti vipi? Hapa joto limezidi, mtoto analala sakafuni, kaka yako amekubali hatimaye kununua mashati mapya. Gubu lako nimelipokea, nimeliweka pamoja na mengine. Wanaosema wifi ni wifi tu hawakukosea. Huyo wa ghorofa ya pili ana wajukuu, na chai yenyewe anaivuta kwa kelele utadhani mtaro unamwagika. Kama unamwonea wivu yeye, basi nakusikitikia.

Keti kwanza kabla hujaendelea.

Nilikuwa nakusanya vichupa vyako ili nivirudishe. Nikakishika cha saba, nikasema ngoja nikirudie, nisije nikaambiwa niliandika kama mfunga duka. Nikakipima. Asubuhi nikafunua sahani: vishimo vyake vyote viangavu, naona mpaka chini. Nikadhani nimesahau kutia bakteria. Nikarudia, nikawatia huku nahesabu kwa sauti, msaidizi wangu akinicheka. Asubuhi yake, angavu tena. Wifi, kinaua. Kinawaua wale wale wanaozicheka dawa za hospitali, na kwa tone dogo.

Tena ulinitisha bure, kwa sababu hakinuki hata kidogo. Nilikifungua nimejiziba pua kama mjinga.

Nilimwambia kaka yako jioni. Alinibusu kwenye paji la uso, mbele ya mtoto, jambo asilolifanya. Busu lilikuwa lako, mimi nimelipokea kwa niaba. Nakufikishia.

Mpimaji


15 Agosti

Wifi yangu wa dhahabu!

Nakuamkia mimi leo, shikamoo! Mama anakuombea dua kila akiinuka na kila akiketi, na kwa magoti yale, kila moja ni ibada. Nilimsomea barua yako mlangoni, akataka nirudie pale pa vishimo viangavu. Hakuelewa vishimo ni nini lakini alielewa sauti yangu.

Sikukanyaga ardhi mpaka ofisini kwa mkuu wa idara. Nikamwambia, "Uliniuliza nimepata nini. Nimepata hiki." Akavaa miwani. Akasema mwezi Novemba kikao cha chuo kitagawa vyumba, nilete matokeo yaliyorudiwa na kampaundi mpya iliyopikwa upya, si mabaki. Ni haki yake, hata mimi ningedai hivyo. Kitu kisichorudika si kitu.

Nimepika upya wiki nzima. Fuwele zimetoka zile zile, nimezipima kiwango cha kuyeyuka, zimeyeyuka pale pale. Nakutumia. Kuhusu harufu, labda mafua yalikushika, maana hapa Mama amesogeza ile ndoo hadi kwenye ua. Waliotaka kuweka viti vyao humu watavikalia nje. Mwenye wivu ajinyonge!

Busu nimelipata. Kaka alikuwa hivyo tangu mdogo, mimi ndiye niliyemfundisha kusoma na kila akimaliza ukurasa alinibusu paji la uso. Nimefurahi kwamba hajaacha.

Wako wa moyo,
Mpishi


20 Septemba

Wifi,

Hatujambo, Mungu ashukuriwe. Jino la mtoto limechomoza, kubwa kweli kama ulivyosema. Kumbe busu la paji la uso asili yake ni wewe. Sikulijua hilo. Ahsante kwa kunifahamisha.

Kampaundi mpya imefika, kwa jina la kaka yako kama kawaida. Nimeipima. Imechafuka. Nimetia tone dogo, tone kubwa, tone la kuzamisha. Maji ya mchele matupu. Tena hii inanuka sana, nimelalamikiwa na ghorofa mbili. Ile ya zamani mabaki yake yameisha, siwezi kuirudia.

Labda ulikosea kupika. Hutokea, hata kwa walio na mikono ya kusifiwa.

Mpimaji


3 Oktoba

Wifi,

Salamu zitafuata nikitulia.

Sikukosea kupika. Mkono wangu ni ule ule, vyombo ni vile vile, fuwele zimeyeyuka pale pale. Kwa hiyo kuna mawili: ama mara ya kwanza uliniongopea, ama mara ya pili. Kikao ni mwezi ujao. Nimekwisha kumwambia mkuu wa idara, naye amekwisha kuwaambia wenzake, na sasa wananisalimia kwenye korido kama mtu aliyeshinda. Unajua nitakavyopita kwenye korido hiyo nikirudi na maji ya mchele?

Nitasema nisilopaswa kusema. Tangu mwanzo hukutaka nifaulu. Ulipochukua nafasi ile ya kazi huko nilikupongeza, ulipomchukua na kaka nikakupongeza, nikabaki hapa na Mama na ndoo. Sikuwahi kukuomba kitu isipokuwa macho yako kwenye sahani. Nayo umenibania. Kikulacho ki nguoni mwako, na mimi nguo niliivaa mwenyewe nikacheza nayo harusini.

Usijibu kama huna la kweli.


12 Oktoba

Wifi,

Najua hujajibu, na barua yangu ya hasira huenda bado iko njiani. Nakuandikia kabla ya jibu lako.

Hujambo? Mama hajambo. Kesho yake baada ya kukuandikia ile, asubuhi, nilimkuta ameinama kwenye ile ndoo, magoti yote hayo. Koti langu limelala humo tangu nilipolimwagia ya saba mwezi Agosti, hakuna aliyethubutu kuligusa. Akalinyanyua, akalinusa, akaniambia, "Hili sasa laweza kuingia ndani." Nikalinusa mimi. Halikunuka kitu.

Nikaingia ndani nikaitafuta barua yako ya Agosti. "Hakinuki hata kidogo." Nilipita juu ya maneno hayo kwa furaha, mimi niliyekutisha na harufu hiyo mwenyewe! Salfa ikikaa hewani muda mrefu, molekuli mbili hushikana salfa kwa salfa, zinakuwa moja kubwa, na hiyo kubwa hainuki. Mwanafunzi wa mwaka wa pili anajua. Nimetandaza ya saba kwenye sahani, nikaiacha wazi, nikaipulizia hewa wiki nzima, mchana na usiku, mpaka harufu ikakata. Nikaipima: inayeyuka kwingine kabisa. Si ile tena.

Kwa hiyo iliyoua si niliyokutumia. Iliyoua ni iliyokaa wazi. Nayo ndani ya kichupa, bila kupuliziwa, haishikani kwa siku mbili tatu, wifi, inataka miezi. Kama ungeipima mapema mwaka huu ulivyoniandikia, ingekunukia mpaka ukalia. Hukuinusa kwa sababu hukuifungua. Hukuipima. Uliandika "zote" na moja ilikuwa rafuni, kifuniko kikiwa kimelegea.

Nakutumia vichupa viwili, kinachonuka na kisichonuka. Pima vyote, na tafadhali jaribu na kwenye zile seli za binadamu mnazozifuga maabara huko, tujue kama kinamuua bakteria peke yake au na mgonjwa pia. Halafu nijibu. Kuhusu lile jingine, ukiona vyema.

Mpishi


30 Oktoba

Wifi,

Shikamoo, na safari hii sifanyi mzaha. Sisi wazima. Mtoto anamsalimia bibi yake.

Kinachonuka kimechafuka. Kisichonuka ni angavu, vishimo vyote, mara tatu. Seli za binadamu nimeziwekea tone lile lile, zinaendelea kugawanyika kama hakuna kilichotokea. Karatasi zenye muhuri nimeziweka humu. Mpelekee mkuu wako wa idara akiwa bado na miwani. Dawa unayo.

Sasa lile jingine. Ndiyo, sikuipima.

Siku ile nilikuwa nimemaliza cha sita, vyote vimechafuka, na kwa kweli nilikuwa nakuonea huruma. Nimeshalegeza kifuniko cha saba. Kaka yako akanipigia simu kazini, jambo asilolifanya hata nikiugua. Nikafurahi, wifi, mpaka nikatoka nje nimsikie vizuri. Akasema, "Cha saba cha dada umeshakipima? Dada amemwambia Mama ndicho chenyewe." Kisha akakata. Hakuuliza nimekula nini. Nikarudi ndani, nikakitazama kile kichupa, nikakisogeza rafuni ndani ya kabati la feni na kifuniko chake hivyo hivyo, nikaenda kunywa chai. Kila siku nilikiona, na kila siku nikageuza uso. Nilijiambia kikifaulu, nyumbani kwangu hapatakalika. Rafu itajaa fuwele zako, picha yetu ya harusi itahamia chumbani. Nikakuandikia "zote" kwa kalamu iliyonyooka kabisa.

Nilikuonea wivu. Bado nakuonea. Unasema nilimchukua kaka. Sijampata bado, ndiyo shida yenyewe. Nilipewa mtu aliyekwisha kufundishwa kusoma.

Mpimaji


11 Novemba

Wifi yangu,

Hujambo? Mama hajambo, amekunywa dawa mpya ya magoti na jana alifika hadi kwenye geti akarudi akijisifu.

Barua yako nimeisoma, nimeikunja, sitaisema kwa mtu. Kaka nitamsema kwa njia yangu, asijue nimejuaje. Yaliyopita tuyafunike. Maji yakimwagika hayazoleki, na haya yamemwagikia mahali pazuri.

Kikao kimeziona karatasi zako. Wamesema chumba ni changu endapo andiko letu litapelekwa kwenye jarida kabla ya mwaka kwisha. Nimeliandika, nakala yake imo humu. Ili kukulinda nimeeleza kwamba nilikusudia tangu mwanzo kuziunganisha molekuli mbili salfa kwa salfa, kwa kufuata wazo nililokuwa nalo siku nyingi. Hakuna mtu atakayejua habari ya rafu wala kifuniko. Wewe nimekushukuru vizuri mwishoni, pamoja na fundi wa friji zenu. Kazi yako isije ikaingia doa, una mtoto wa kusomesha.

Nimekusitiri, wifi. Undugu ni huu.

Mpishi


19 Novemba

Wifi,

Hujambo. Hatujambo. Habari za nyumbani ni kwamba nimelia.

Kaka yako alilisoma andiko lako mezani kwa sauti, mwanzo mpaka mwisho, akaniambia, "Umeona dada alivyo mtu?" Maana nilishamweleza yote mwenyewe, usihangaike kumsema. Nikamjibu, "Amenifunika mpaka sionekani." Akashangaa. Hakuona. Nikamwonyesha kwa kidole: dada yako hapa, dada yako hapa, dada yako kila mahali, na mkeo huko chini na fundi wa friji. Akaikunja ile karatasi, akasema pole. Hiyo ndiyo pole ya kwanza ambayo haikupitia kwako.

Sikiliza sasa. Ulichopika wewe kinanuka na hakiui kitu. Kilichoua hakikupikwa na mtu. Kilijipika rafuni kwangu, kwa sababu nilikuwa na kijicho. Ningekuwa wifi mwema ningekipima siku ile ile, supu ingechafuka, ningekuandikia ukweli mtupu kwamba hakuna kitu, na sasa hivi chumba chako kingejaa viti. Wema wangu ungekumaliza. Wivu wangu ndio uliokuokoa, nawe leo unaniambia haukuwahi kuwepo, kwamba lilikuwa ni wazo lako la siku nyingi. Wazo gani? Tangu lini? Mwezi Oktoba ulikuwa unaniita mwongo!

Umenisitiri au umeniibia? Nadhani hata wewe hujui.

Nilichofanya ni kibaya, lakini ni changu. Andika kwamba kichupa kiliachwa wazi na andika ni nani aliyekiacha. Wakubwa zangu wanione mzembe, watanisema wiki mbili watachoka. Mficha uchi hazai. Afadhali nitajwe kwa ubaya wangu kuliko nishukuriwe kwa jambo nisilolifanya. Usipoandika, nitaliandikia jarida mwenyewe, na hapo chumba chako utakisikia kwa wengine.

Mpimaji


6 Desemba

Wifi yangu,

Salamu kwako, kwa mtoto, na kwa kaka, ambaye nasikia ameanza kuosha vyombo. Mama alipoambiwa alitaka kujua anaumwa nini. Andiko limepelekwa, kikao kimekubali, viti vimerundikwa chini ya ngazi. Chumba ni changu. Nimekaa humo leo mchana nikiwa sina la kupika, nikisikiliza feni tu.

Nimechelewa kukujibu na nitakwambia sababu, maana wewe hukunificha. Barua yako iliponijia nilisema huyu ana kichaa. Nikaiweka. Nikaichukua tena. Kilichoniuma si matusi, matusi yako nimeyazoea tangu benchi lile la chuo. Kiliniuma kwamba ni kweli. Maisha yangu yote nimechuja, nimepima joto, nimenuka mpaka paka akanikimbia, nikitafuta kitu kimoja chenye kuua. Wewe umelegeza kifuniko ukaenda kunywa chai. Wazee walisema kupata si kwa werevu na kukosa si ujinga, nami niliuimba msemo huo kwa wanafunzi wangu kila mwaka pasipo kujua kwamba una meno. Lile wazo la siku nyingi sikuwa nalo. Nilipoliandika niliamini ni kwa ajili yako, kwa dakika kama mbili hivi.

Wewe unanionea wivu kwa busu na rafu ya fuwele. Chukua, nakuachia, fuwele zile mwambie azitupe. Mimi nakuonea wivu kwa kitu ambacho siwezi kuachiwa na mtu.

Nimeandika upya. Sasa panasomeka hivi: "Sampuli ya saba iliachwa wazi rafuni na mpimaji kwa miezi kadhaa kabla ya kupimwa, na katika muda huo iligeuka kuwa kampaundi inayoelezwa hapa." Watu wa jarida wameuliza kama nina hakika na sentensi hiyo. Nimesema ndiyo. Sababu hawakuuliza. Jina lako limetoka kwa fundi wa friji, limepanda juu kabisa, chini ya kichwa cha andiko, mimi na wewe tu.

Langu limetangulia. Nilikaa siku nzima nikijaribu kulitanguliza lako, wifi. Mkono umekataa.

Mpishi